Utupa, marejea, sesibania au desmodiamu: mkunde upi wa porini unalifaa shamba lako la Nyanda za Juu Kusini

Mikunde ya porini inayojiotea yenyewe katika Nyanda za Juu Kusini ni mingi kuliko tunavyoihesabu. Mtu akitoka Iringa mjini asubuhi, akapita Mafinga na Makambako hadi Mbeya, kisha akateremka Tukuyu, ataipita mingi bila hata kushuka garini: utupa wenye majani ya rangi ya fedha kwenye mipaka ya mashamba, marejea yenye maua ya manjano kwenye ardhi iliyopumzishwa, sesibania iliyoinamia maji mabondeni, na desmodiamu iliyotambaa kivulini pembezoni mwa misitu ya Rungwe, ambayo maganda yake hung'ang'ania suruali ya kila mpita njia. Wakulima wengi wamekwisha kuambiwa kwamba mimea hii inarutubisha udongo, na maneno hayo ni ya kweli. Tatizo ni kwamba yamesemwa kwa ujumla mno, hata mtu wa Ismani na mtu wa Tukuyu wakajikuta wanapanda mbegu ileile, ilhali mmoja anaisubiri mvua kwa wasiwasi na mwenzake anahangaika namna ya kuyaondoa maji shambani.

Nailinganisha mimea hii minne kwa ajili ya mkulima mwenye eneo la kawaida la kwetu, tuseme nusu ekari hadi ekari tatu, ambaye anataka kuchagua mmoja au miwili kabla ya mvua za Novemba. Kigezo ninachokitanguliza ni makazi, yaani mahali mmea unapoota bila kupandwa na mtu. Mbolea, dawa, malisho na kuni hufuata baada ya hapo, kwa sababu mkunde uliodumaa hautoi hata moja kati ya faida hizo.

Kanuni hii si ya kwetu peke yetu. Katika nchi za baridi za kaskazini iko jenasi, yaani kundi la aina zenye undugu, ya mikunde ya porini iitwayo Hedysarum, ambayo kwetu haioti. Hedysarum alpinum hupenda kingo za mito na ardhi yenye unyevu huko Alaska na Kanada, na dubu hufukua mizizi yake wakaila. Ndugu yake, Hedysarum boreale, amezoea miteremko mikavu ya magharibi mwa Marekani, hasa jimbo la Utah, ambako hupandwa ili kurudisha uoto kwenye malisho yaliyochakaa. Wote wawili wana maua ya rangi ya waridi iliyokolea, na kwa mgeni wanafanana sana, lakini atakayewabadilishia makazi atakuwa ametupa mbegu. Desmodiamu yetu ina undugu wa kihistoria na mimea hiyo: Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, alipoyapanga majina ya mimea mwaka 1753, baadhi ya desmodiamu aliziweka ndani ya Hedysarum, kwa sababu maganda ya pande zote mbili yana vipingili vinavyokatika kimoja kimoja badala ya kupasuka kama ganda la maharage.

Jinsi ya kujua kama mkunde unafanya kazi

Mimea yote minne inaishi kwa ushirika na bakteria wa udongoni wanaojenga makazi kwenye mizizi yake, katika vinundu vidogo. Mmea huwapa bakteria sukari, nao huichukua naitrojeni iliyomo hewani na kuigeuza iwe chakula ambacho mmea unaweza kukitumia. Mmea ukikatwa na kuoza, sehemu ya naitrojeni hiyo hubaki kwenye udongo na mahindi ya msimu unaofuata huipata.

Ushirika huu unaweza kushindwa, na ni rahisi kuukagua. Wiki sita au nane baada ya mbegu kuota, chimba mche mmoja kwa jembe, mbali kidogo na shina, uunyanyue pamoja na bonge lake la udongo, kisha uuoshe taratibu kwenye ndoo bila kuuvuta, kwa maana ukiuvuta vinundu hubaki ardhini nawe utadhani haukuwa navyo. Chagua kinundu kinene, ukipasue kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha rangi ya waridi ndani, kama nyama mbichi, bakteria wanafanya kazi. Kikiwa cheupe, kijani au kijivu, kinundu hicho ama hakijakomaa, ama kimezeeka, ama kimekaliwa na bakteria wasiofaa. Kwenye udongo mwekundu wenye tindikali wa Njombe na Mufindi mara nyingi vinundu huwa vichache kwa sababu fosforasi imeshikiliwa na udongo, na mkunde wenye njaa ya fosforasi hauna nguvu ya kuwalisha bakteria wake. Hapo mbolea ya fosfati, kama ile ya mawe ya Minjingu inayoyeyuka vizuri zaidi kwenye udongo wa tindikali, huusaidia mkunde kuliko kubadilisha aina ya mbegu.

Utupa na marejea

Hii ndiyo mimea miwili ambayo wakulima wengi wa kwetu huchagua kati yake, kwa hiyo nitakaa nayo kwa muda mrefu zaidi.

Utupa, Tephrosia vogelii, ni kichaka cha mti laini kinachofika kimo cha mtu na kukipita. Majani yake yamepangana jozi kwa jozi, maua ni meupe au ya zambarau, na ganda lake limefunikwa na manyoya mafupi, hata ukilipitisha kati ya vidole utahisi kama unashika sikio la mbuzi mchanga. Porini huota kwenye nyika, kwenye mashamba yaliyoachwa na pembezoni mwa misitu, kuanzia chini hadi mita 2,000 na kidogo juu ya usawa wa bahari, ilimradi udongo usituamishe maji. Huishi miaka miwili au mitatu, kisha hufa. Ukikatwa chini sana hauchipui tena, kwa hiyo anayetaka kuuvuna majani mara kwa mara na aache shina refu kupita goti.

Marejea, Crotalaria ochroleuca, ni mmea wa msimu mmoja. Una shina lililonyooka, majani yenye vijani vitatu vyembamba, na maua ya manjano hafifu yenye mistari ya rangi ya damu ya mzee. Ganda likikauka mbegu hubanduka ndani na kugonga kuta zake, na ukipita shambani mwezi wa Julai na upepo unavuma utasikia shamba zima likichakacha kama manyanga. Makazi yake ya asili ni ardhi ya wazi iliyovurugwa: kando za njia, mashamba ya mwaka jana, uwanda wa nyasi. Yanapenda jua tupu, na kivuli huyadhoofisha. Katika kusini ya nchi yetu mmea huu ulienezwa sana na wamisionari Wabenediktini wa Peramiho, mkoani Ruvuma, nao mtu anaposikia jina lake hawezi kuacha kulisikia neno rejea ndani yake.

Kwa macho ya haraka, basi, mmoja ni kichaka cha kudumu kidogo na mwingine ni zao la msimu. Kutokana na hilo zinatoka tofauti za kazi. Utupa huanza polepole, kwa hiyo unaweza kuupanda ndani ya mahindi wakati mmoja nayo au wiki mbili baadaye bila kuyaonea. Mahindi yakivunwa unabaki shambani, na mizizi yake inayokwenda chini huendelea kutafuta maji kiangazi kizima. Marejea huanza kwa kasi, na ukiyapanda siku moja na mahindi yatayapita kimo na kuyanyang'anya mwanga. Yapande baada ya palizi ya kwanza, au yape kipande chake peke yake. Yakiwa peke yake, katika mistari iliyokaribiana, hufunga shamba kwa kivuli hadi magugu mengi yakashindwa kuota, na hata sangari, gugu linalowachosha watu wa Mbozi na Mbeya Vijijini, hudhoofika chini yake.

Marejea yakatwe yanapoanza kutoa maua. Hili nalisisitiza kwa sababu mkulima anayeona shamba limependeza hutamani kuliacha mpaka likomae, na kufika hapo shina limekuwa gumu kama ufito. Vijidudu vya udongoni vinavyoozesha shina gumu huhitaji naitrojeni kuliko iliyomo ndani ya shina lenyewe, hivyo huichukua kutoka kwenye udongo, na mahindi yaliyopandwa juu yake huwa ya njano kwa wiki kadhaa. Acha kona moja tu ikomae kwa ajili ya mbegu, na uikague mara kwa mara, maana viwavi wa nondo mdogo mweupe mwenye madoa mekundu na meusi huingia ndani ya maganda wakala mbegu zote, na nje ganda likaonekana zima.

Tofauti kubwa kuliko zote kati ya utupa na marejea iko chini ya ardhi, nami niliijua kwa hasara. Nililima nyanya karibu na Ilula, kwenye kipande kilichokuwa kimechoka, nikakipumzisha kwa utupa kwa miaka miwili. Utupa ulistawi vizuri sana. Niliukata, nikauchanganya na udongo, nikapanda nyanya, na kwa wiki tano nyanya zile zilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo. Kisha zikaanza kunyauka saa sita mchana hata kama nimemwagilia asubuhi, zikainuka jioni, na kesho yake zikanyauka tena. Mama mmoja jirani yangu, aliyelima nyanya miaka mingi kuliko mimi, aliung'oa mche mmoja, akaufuta udongo kwa kanga yake na kunionyesha mizizi iliyojaa mafundo. Nilimwambia kwa furaha ya kijinga kwamba labda ni vinundu vilivyobaki vya utupa. Akanijibu, "Hapana, mwanangu. Kinundu hukaa ubavuni mwa mzizi, ukikigusa kwa ukucha kinabanduka. Hiki hakibanduki, ni mzizi wenyewe umevimba."

Alikuwa sahihi. Yalikuwa mafundo ya minyoo fundo, wale minyoo wadogo wasioonekana kwa macho wanaoshambulia mizizi ya nyanya, viazi mviringo, tumbaku na mazao mengine mengi. Utupa ni mwenyeji wao. Kwa miaka miwili nilikuwa nimewafugia minyoo hao chakula, na nyanya zilipokuja zilikuta ardhi imejaa. Sesibania nayo ina tabia hiyohiyo. Marejea hufanya kinyume chake: minyoo fundo huingia kwenye mizizi yake lakini hushindwa kukua na kuzaa humo, hivyo idadi yao hupungua msimu kwa msimu. Kwa mkulima wa nyanya wa Ilula, wa viazi wa Njombe au wa Umalila, au wa tumbaku popote alipo, jambo hili moja linatosha kuamua. Achague marejea, na utupa auweke mbali na mzunguko wa mazao hayo.

Kwa mahindi mambo hubadilika. Mkulima wa mahindi anayeweza kukiachia kipande kimoja kipumzike kwa miaka miwili atapata kwa utupa majani mengi, mizizi iliyopasua udongo mgumu, na vijiti vya kuni vya kutosha jiko la nyumbani kwa wiki kadhaa. Kuna faida nyingine ambayo hainenwi sana na ambayo kwa hali ya vijiji vyetu ina uzito mkubwa. Baada ya mavuno mifugo huachiwa izurure mashambani, na mkunde wowote mtamu uliobaki huliwa mpaka shina. Utupa ng'ombe na mbuzi huupita. Marejea hayana uhakika huo, na mwenye mifugo asiyafanye malisho kwa makusudi, kwa sababu jenasi ya Crotalaria ina aina zaidi ya 600 duniani, nyingi zikiwa za Afrika, na baadhi zina alkaloidi zinazoharibu ini la mnyama. Majani machanga ya Crotalaria ochroleuca huliwa kama mboga katika sehemu kadhaa za Afrika Mashariki, lakini porini kuna ndugu zake wanaofanana naye kwa mbali, na mtu asichume mboga kwa kuangalia ua la manjano peke yake.

Kinachoufanya utupa uachwe na mifugo ndicho kinachoufanya uwe dawa. Majani yake yana rotenoni na ndugu zake, sumu zinazozuia chembe hai zisiweze kuitumia oksijeni. Unga wa majani makavu, ukichanganywa na maharage ya mbegu ghalani, huwazuia fukusi, na maji ya majani yaliyotwangwa hunyunyizwa dhidi ya viwavi na vidukari. Majani yakaushwe kivulini, kwa kuwa jua huivunja rotenoni, na kwa sababu hiyohiyo dawa iliyonyunyizwa shambani haidumu zaidi ya siku chache. Anayetwanga afunike pua na mdomo na avae glavu, kwani dawa kutoka porini nayo ni sumu. Kuna jambo linalowakatisha tamaa watu wasiolijua: watafiti waliochunguza utupa wa Malawi waligundua kwamba ipo mimea ya aina hiihii ambayo haina rotenoni kabisa, na kwa macho huwezi kuitofautisha. Mkulima anayesema utupa haufanyi kazi huenda anasema kweli kuhusu utupa wake. Mbegu ichukuliwe kwa jirani ambaye maharage yake yamehifadhiwa kwa utupa yakabaki salama, na isichukuliwe kwenye kichaka chochote cha njiani.

Sumu hiyohiyo ndiyo inayoupangia utupa mpaka wa makazi. Samaki huipokea kupitia matamvua na kufa kwa kiasi kidogo sana, na tangu zamani watu waliutwanga utupa na kuumwaga mtoni ili kuvua. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza uvuvi wa sumu, lakini hata asiye mvuvi anaweza kuua samaki bila kukusudia akiosha bomba lake la kunyunyizia kwenye kijito, au akilundika matawi ya utupa kwenye kingo za bwawa. Vijito vya kwetu vinashuka hadi Ruaha Mkuu, Kilombero, Kiwira na Ziwa Nyasa, na wanaokaa chini wanakunywa na kula kutoka humo. Utupa na ukae juu, kwenye mteremko mkavu, mbali na maji.

Bondeni na kwenye vinyungu

Karibu na maji ndipo sesibania inapokuwa na haki yake. Sesbania sesban ni mti mwepesi unaokua upesi sana, wenye vijani vidogo vingi na maua ya manjano yaliyonyunyiziwa madoa ya zambarau, na makazi yake ya asili ni kingo za mito na ardhi inayofurika kwa msimu. Mizizi yake hustahimili kusimama majini kwa majuma, hali ambayo ingeua utupa kwa siku chache. Watu wa Iringa na Njombe wanaolima vinyungu, zile bustani za mabondeni zinazotumia unyevu wa kiangazi, wanaweza kuipanda kwenye kingo za juu za matuta, ambako hushikilia udongo, hutoa majani ya kutandaza, na matawi yake hulishwa mbuzi na ng'ombe kwa kuchanganywa na majani mengine. Kuku wasilishwe majani hayo.

Mipaka yake nayo ni wazi. Sesibania huvutia mbawakawa wanaoweza kuyamaliza majani ya miche kwa siku chache, na kama nilivyosema, hufuga minyoo fundo, hivyo asiyetaka kuacha kupanda nyanya kwenye kinyungu chake asiipande humo. Tena kinyungu chenyewe kisiufikie mto: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka kwenye kingo za mto au chanzo cha maji kuwa eneo lisilofanyiwa shughuli za kudumu za binadamu. Ndani ya mita hizo sesibania inayojiotea yenyewe iachwe ilivyo, kwa kuwa pale ndipo kwake.

Kwa mwenye ng'ombe

Desmodiamu naipendekeza kwa furaha kwa watu wa Rungwe, Busokelo, Mufindi na Njombe wanaofuga ng'ombe wa maziwa ndani ya banda. Desmodiamu za porini za huku huota kwenye unyevu na nusu kivuli, chini ya miti na pembezoni mwa misitu, na zile za kupandwa, Desmodium intortum na Desmodium uncinatum, ambazo asili yake ni Amerika ya kitropiki, zinafuata tabia hiyohiyo: zinataka mvua ya kutosha, kuanzia milimita 900 kwa mwaka hivi. Tukuyu, inayopata zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho, ni kama nyumbani kwao. Ismani hazifai, na sioni sababu ya kumtia mtu gharama ya kujaribu.

Ni mmea wa kudumu unaotambaa, hufunika udongo wa mteremko usichukuliwe na mvua, na ukichanganywa na mabingobingo, yale majani marefu ya malisho, humpa ng'ombe protini zaidi ya ile anayoipata kwa mabingobingo peke yake. Katika Kenya taasisi ya icipe, inayotafiti wadudu, ilionyesha tangu miaka ya 1990 kwamba desmodiamu ikipandwa kati ya mistari ya mahindi, na mabingobingo yakizunguka shamba, nondo wa vipekecha shina huikimbia harufu ya desmodiamu na kwenda kutaga kwenye mabingobingo, na mizizi ya desmodiamu huzuia kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mazao, kisijishikize kwenye mahindi. Kwa mkulima mwenye ng'ombe wawili na ekari moja ya mahindi hakuna mkunde mwingine kati ya hii minne unaomfanyia kazi tatu kwa mpigo namna hiyo.

Ugumu uko mwanzoni. Mbegu yake ni ndogo kama ya ulezi, ni ghali, na miche huchukua miezi kabla ya kuonekana kuwa ni shamba. Njia ya mkato ni kupata marando kwa jirani, vipande vya shina vyenye vifundo vitatu au vinne, na kuvifukia vifundo viwili udongoni mvua ikiwa imeshika. Wakati wa baridi ya Juni na Julai jalidi ya Njombe huweza kuunguza majani yake, lakini shina lililolala chini huchipua mvua zikirudi. Utupa ukiungua kwa jalidi mara nyingi haurudi.

Nani achague nini

Kwa Ismani na maeneo mengine makavu ya Iringa, ambako mvua ni ya kubahatisha na mahindi yamelimwa miaka mingi mfululizo, kati ya minne hii nachagua marejea, yakipandwa peke yake mvua za kwanza zinapoanza. Huko hata fiwi, ambayo si ya porini kwa maana hii lakini ni ndugu yao, ingeweza kuyazidi, kwa sababu mizizi yake huenda chini sana na punje zake huliwa, zikiisha kuchemshwa vizuri na maji ya kwanza kumwagwa. Kwa Uyole na miteremko ya Mbeya, kwenye mita zipatazo 1,800, mkulima wa mahindi na maharage apande utupa kwenye mipaka na kwenye makontua, yaani mistari inayoukatisha mteremko, na marejea ndani ya mzunguko. Kwa Rungwe ni desmodiamu. Kwa uwanda wa Usangu, mahali maji yanaposimama, ni sesibania, na pasipotuama ni marejea.

Kwa Makete juu na pembezoni mwa Kitulo sipendekezi hata mmoja. Uwanda ule unaofika mita 2,600 na zaidi, ambao tangu mwaka 2005 ni hifadhi ya taifa na wenyeji huuita Bustani ya Mungu, una mikunde yake midogo ya baridi, zikiwamo klova za asili zinazotambaa kwenye nyasi fupi, na mbegu za kigeni za kichaka hazina kazi pale. Anayelima jirani na hifadhi azitunze klova hizo kwenye malisho yake kwa kutozichoma nyasi kila mwaka.

Kuhusu mbegu, mwezi wa Juni hadi Agosti ndio wa kuzitafuta. Maganda ya utupa yachumwe yakiwa ya kahawia lakini hayajapasuka, kwa sababu yakipasuka kwenye jua kali hujikunja na kuzirusha mbegu mbali, na asubuhi yenye umande ndiyo nzuri kwa kazi hiyo. Ya marejea hukatwa na vikonyo vyake pindi yanapoanza kuchakacha, yakapigwa ndani ya gunia. Mbegu za sesibania zina gamba gumu: zimwagiwe maji ya moto yaliyoepuliwa jikoni, ziachwe humo zipoe hadi asubuhi, na zitakazokuwa zimevimba zipandwe siku hiyohiyo, zilizobaki kama kokoto zirudiwe tena.